EQ ipi kwa traki ipi? Jibu kwa anayemiksi kwaya na sebene nyumbani

Mdogo wangu, nimekuelewa hivi: uko hapa hapa Lubumbashi, unamiksi kwaya na sebene chumbani, laptopu ni ya zamani yenye RAM ya GB 4, programu ni Reaper, na mtu amekuambia kwamba bila kununua FabFilter Pro-Q, plagini (programu ndogo inayokaa ndani ya Reaper) ya EQ, yaani ya kuongeza na kupunguza sehemu nene au nyembamba za sauti, miksi haitasafika. Sasa unauliza ununue EQ gani kwa kila traki. Mimi namiksi Katuba kwa miaka sasa, muziki wa aina hiyo hiyo, na jibu langu ni kwamba usinunue kitu bado.

Pro-Q ni plagini nzuri, sibishi. Toleo la nne lilitoka Desemba 2024, lina bendi 24 (sehemu za sauti unazoweza kurekebisha kila moja peke yake), skrini yake inasomeka vizuri na kazi inakwenda haraka. Ila unacholipia hapo ni wepesi wa kufanya kazi. Kukata dB 4 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye 300 Hz (kipimo cha unene au wembamba wake) ni hesabu, na hesabu hiyo ReaEQ iliyomo ndani ya Reaper yako inaifanya vilevile.

Usiniamini kwa maneno, lijaribu umeme ukirudi. Chukua traki ya gitaa uinakili. Ya kwanza iwekee ReaEQ, ya pili EQ nyingine yoyote safi, yaani isiyoongeza ladha yake, zote mbili zikate dB 4 kwenye 300 Hz. Kisha geuza fezi ya traki moja (mawimbi yake yapinduke juu chini), uzicheze pamoja. Kinachofanana kinafutana. Mwanzoni utasikia mabaki, kwa sababu ReaEQ hupima upana kwa oktava na nyingine hupima kwa Q (namba ikipanda, bendi inakuwa nyembamba): oktava moja ni kama Q ya 1.41, na hata hiyo Q kila mtengenezaji ana namna yake ya kuihesabu. Zungusha upana polepole. Gitaa litapungua, litabaki mnong'ono, halafu karibu kimya. Ukishasikia kimya hicho kwa masikio yako, hakuna atakayekuuzia EQ safi kwa kukuambia ina "sauti tamu".

Tofauti ya kweli kati ya EQ safi iko juu kabisa. Ukirekodi kwa 44.1 kHz, sauti inaishia 22.05 kHz, na EQ nyingine mchoro wake hubanwa ukikaribia ukuta huo. Ukiongeza hewa kwenye 12 kHz unaweza kuisikia kwenye hai-hati (matoazi ya mguu) au pumzi za mwimbaji. Kwa gitaa, besi na ngoma haikuhusu.

Kwa hiyo traki nyingi ziwekee ReaEQ. Ni nyepesi, unaongeza bendi unazotaka, na ukifunga dirisha lake kompyuta haihisi kitu. Kwa laptopu ya zamani jambo hili lina uzito kuliko jina la plagini. Miksi ya kwaya yenye traki arobaini inataka EQ ambayo unaweza kuiweka arobaini bila sauti kukatika-katika.

Sasa waimbaji. Hapa ndipo ninapokubali kwamba EQ ya kawaida haitoshi. Soliste wa kwaya zetu, mwimbaji wa mbele, unamjua: ubeti wa kwanza anaimba kama anaomba, kwenye kiitikio anapasua, na maiki ya bei nafuu inageuza ule mpasuo kuwa msumari sikioni, kati ya 2.5 na 4 kHz. Ukikata hapo kwa EQ ya kawaida, kiitikio kinapona lakini ubeti unakuwa kama mtu anaimba nyuma ya pazia. Unahitaji EQ inayokata pale tu sauti inapozidi. TDR Nova ya Tokyo Dawn ina toleo la bure linalofanya hivyo: bendi nne, pamoja na filta ya chini na ya juu. Weka bendi moja kwenye 3.2 kHz, Q karibu na 2, washa kizingiti chake (kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo inakatwa), kisha cheza sehemu anapopiga kelele zaidi. Shusha kizingiti mpaka bendi ivute dB 3 au 4 pale tu, halafu rudi kwenye ubeti: mstari unapaswa kulala bila kutikisika. Ukitikisika kwenye ubeti, umeshusha mno. Bendi nyingine ya Nova itumie kwenye 6 hadi 8 kHz kwa zile "s" zinazochoma, na hutahitaji plagini ya pili kwa kazi hiyo.

Nova inakula nguvu zaidi ya ReaEQ, kwa hiyo usiimwage kila mahali. Mimi naiweka kwa soliste na kwenye basi la kwaya nzima (traki moja inayokusanya sauti zao zote), hapo tu.

Kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi ndizo traki pekee ambazo ningekushauri EQ yenye rangi, yaani inayoongeza ladha yake. Pultec ni mashine ya vali ya Marekani ya tangu mwanzo wa miaka ya 1950, na ina tabia moja ya ajabu: kwenye masafa yale yale, tuseme 60 Hz, ina kitufe cha kuongeza na kingine cha kupunguza, na unaweza kuvitumia vyote kwa pamoja. Havifutani, kwa sababu michoro yake miwili haikai mahali pamoja. Chini inanenepa, na juu yake kidogo panachimbika bonde. Bonde hilo ndilo linaloondoa ile sauti ya boksi kwenye kiki. PTEq-X ya Ignite Amps inaiga mashine hiyo na ni ya bure. Ijaribu, lakini kabla ya kuipenda shusha sauti ya kutokea mpaka ilingane na ya kuingia. Kinachopiga juu zaidi sikio hukiona kizuri zaidi, hata kwa dB 1 tu, na plagini nyingi za rangi zinauzika kwa hilo peke yake.

Kuhusu besi kuna jambo la kwetu ambalo video za Ulaya hazikuambii. Nyumba nyingi mtaani hazina waya wa ardhi, na gitaa likichomekwa moja kwa moja linaleta ule mvumo wa umeme: 50 Hz, na watoto wake 100, 150, 200. Wengi wanakushauri uchukue bendi nyembamba ukate 50 na 100. Kwenye gitaa la kawaida sawa, tena huhitaji hata bendi: noti yake ya chini kabisa ni 82 Hz, weka filta ya kukata chini ya 70, ule wa 50 unakwisha. Lakini kwenye besi, noti ya sol ya chini, feti ya tatu ya uzi mnene, iko 49 Hz, na oktava yake 98. Ukikata mvumo umeua sol. Wimbo ukiwa kwenye sol, na nyimbo za kwaya ziko huko mara nyingi, mpiga besi atasikika kama anaruka noti. Hapo hakuna EQ ya kununua. Chomoa chaja, rekodi laptopu ikiwa kwenye betri, na umsogeze mpiga besi mbali na kibadilishaji umeme. Kama ulirekodi kwa jenereta, usiamini kwamba mvumo uko 50 sawasawa, tazama kwenye grafu.

Sebene sasa, maana umeliuliza mwishoni kana kwamba ni dogo. Gitaa tatu, solo (la kuongoza), mi-solo (la kati) na accompagnement (la kusindikiza), zinacheza katika chumba kimoja cha masafa, na hakuna plagini itakayozitenganisha kama umeziacha zote katikati. Zipange kwanza kushoto na kulia. Ndipo uchukue accompagnement, ukate chini ya 120 Hz ili besi ipumue, uipunguze dB 2 au 3 karibu na 1.2 kHz, ambapo mi-solo inazungumza. Mi-solo nayo iachie solo nafasi kwenye 2.5 kHz. Namba hizi ni za kuanzia, gitaa la mpigaji wako litazihamisha. Lakini zifanye zote gitaa zikiwa zinapiga pamoja. Ukisikiliza traki peke yake utaifanya nene na nzuri, na nzuri tatu pamoja ni tope.

Usiweke EQ ya fezi mstari (linear phase, isiyosogeza mawimbi ya sauti) kwenye traki moja moja, hata video ikiisifu namna gani. Inachelewesha sauti, inabebesha kompyuta mzigo, na kwenye kiki inaweza kutanguliza kivuli cha sauti kabla ya pigo lenyewe.

Neno juu ya chumba chako: umesema urefu ni mita 3. Chumba cha hivyo kinavuma chenyewe karibu na 57 Hz. Ukikaa dhidi ya ukuta besi itakuwa kubwa, ukikaa katikati itapotea, na EQ yako itakuwa inatibu chumba badala ya wimbo. Maamuzi ya chini ya 100 Hz yafanye kwa hedifoni na grafu.

Plagini za kuvunjwa (za wizi) zinazozunguka kwenye flashi mjini, achana nazo. Nimeona kompyuta za watu zikifa na kazi za kwaya ndani yake. Ukipata dola 60, lipia leseni ya Reaper kwanza.

Weka hapa dakika moja ya lile sebene, WAV, gitaa tatu kila moja faili yake, bila EQ yoyote. Nitakurudishia mipangilio ya ReaEQ ili uifungue kwako na kuona nilichogusa.