Ukitaka kijana ajue kutazama siasa kwenye TV, anzia Mkwakwani

Wazazi wanaponiuliza wafanye nini ili watoto wao wasimezwe na siasa za kwenye runinga, hutegemea nianze na siasa zenyewe. Mimi huwaambia waanze na mpira. Kijana wa Tanga akikaa jukwaani katika uwanja wa Mkwakwani dakika tisini, akawaona Coastal Union, timu ya hapa kwetu, wakishambuliwa kipindi kizima cha kwanza, halafu usiku akatazama muhtasari wa dakika tatu wenye mabao mawili ya Coastal na shuti moja tu la wageni, amepata somo ambalo kitabu cha Uraia hakiwezi kumpa. Ameuona mchezo wenyewe, na ameona kilichobaki baada ya mkasi kupita. Muulize, "Ni kipi hawakukionyesha?" Atakueleza mpaka uchoke wewe.

Katika siasa kijana huja na upande tayari, na mara nyingi upande huo kaurithi kwa baba au kwa mjomba. Ukimwambia taarifa ya jana ilimpendelea fulani, yeye anasikia umemtukana baba yake. Mpirani pia ana upande, tena mkali, lakini macho yake yalikuwepo uwanjani. Shabiki wa African Sports, timu nyingine ya hapa mjini, na wa Coastal watabishana usiku kucha kuhusu penalti, ila wote wawili watakubali kwamba ile rafu ya katikati ya uwanja haikuonyeshwa kabisa. Mkishakubaliana kwamba picha hukatwa, na kwamba kuna mtu anayeamua ikatwe wapi, ndipo mnaweza kuhamia kwingine.

Mimi huwahamishia bungeni. Nimefundisha Uraia sekondari kwa miaka mingi, na jioni sebule yangu hapa Ngamiani hujaa wapwa zangu na watoto wa majirani wanaofuata king'amuzi. Wengi wao walikuwa wadogo mno kukumbuka Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama. Tukabaki na kipindi cha usiku kilichohaririwa. Maoni yangu ni kwamba mwananchi alipoteza, na siwafichi vijana hilo, lakini sitaki wanikubalie mimi. Nataka watambue kwamba muhtasari wa Bunge una mkasi kama ule wa mpira. Kisha huwapa kazi: chukua klipu ya mbunge inayozunguka WhatsApp, ingia tovuti ya Bunge, tafuta Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala, ya siku ile, usome alichosema kabla na baada. Inachosha, maana Hansard ni ndefu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu aligundua kwamba sentensi iliyokuwa ikiukasirisha mtaa mzima mbunge hakuisema kama yake. Alikuwa akiyanukuu maneno ya mwenzake ili ayapinge. Mwalimu hahitaji kuongeza neno hapo.

Msimu wa kampeni ukifika, uwanja wa Tangamano ndio darasa bora mjini. Nenda na vijana kwenye mkutano wowote wa hadhara, chama chochote, na uwaambie wapige picha mbili muda ule ule. Moja wasimame mbele karibu na jukwaa, wakivuta kwa lenzi ya simu kuelekea kwenye umati. Nyingine wapande mahali palipoinuka pembeni, wachukue uwanja wote. Lenzi ya kuvuta huwabana watu, waliosimama mbalimbali wakaonekana wamesongamana bega kwa bega. Picha ya kwanza itasema mji mzima umehamia Tangamano. Ya pili itaonyesha na mapengo. Hakuna hata moja iliyoghushiwa, na hilo ndilo linalowashangaza vijana, kwa kuwa wengi wanadhani picha ni ya kweli au ni ya uongo, basi. Fanyeni hivyo kwenye mkutano wa chama mnachokipenda nyumbani kwenu pia. Mzazi anayemwonyesha mtoto ujanja wa kamera za wapinzani wake peke yake anampigia kampeni, hamfundishi.

Zoezi ambalo vijana wangu wamelipenda kuliko yote tulilifanya Deep Sea, kule wanakoshushia samaki. Karibu karne moja iliyopita mwongozaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua sura ya mwigizaji mmoja isiyoonyesha furaha wala huzuni, akaiunganisha na sahani ya supu, halafu na jeneza, halafu na mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa alivyoonyesha njaa, kisha majonzi, kisha mapenzi, na sura ilikuwa ile ile. Sisi tulimwomba mama mmoja muuza samaki atutazame tu kwenye simu, na akaridhia. Vijana wakaiunganisha sura yake na picha ya ndoo iliyojaa vibua, kisha na ndoo tupu, kisha na mgombea akipunga mkono juu ya gari. Wakazipeleka kwa wanywa kahawa kijiweni, kila kundi likaonyeshwa moja. Waliomwona na mgombea waliapa kwamba yule mama kachoka na ahadi. Binti mmoja aliyezihariri akasema, "Shangazi, mbona mimi ndiye niliyewadanganya na sikuandika hata neno?" Tangu siku hiyo, taarifa ya saa mbili usiku ikionyesha mwananchi akitikisa kichwa baada ya hotuba ya kiongozi, lazima atatokea mmoja wao aulize kama mwananchi yule alikuwepo kwenye hotuba ile.

Jaribuni pia kutazama mjadala wa kwenye TV mkiwa mmezima sauti, kisha mrudishe sauti na mkabadilishe: nusu ya watu watazame, nusu wageukie ukutani wasikilize tu. Wakimaliza, kila upande ueleze nani alishinda mjadala. Hapo huwasimulia mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, John Kennedy na Richard Nixon, uliofanyika Chicago tarehe 26 Septemba 1960. Nixon alikuwa ametoka kuumwa, uso umepauka, na mwenzake aling'ara. Hadithi maarufu inasema waliosikiliza redioni walimpa ushindi Nixon, na waliotazama wakampa Kennedy. Ninapofika hapo huwaambia waihoji hadithi yenyewe. Inategemea zaidi uchunguzi wa kampuni moja, na wasikilizaji wa redio waliohojiwa hawakufika 300. Huenda watu waliobaki na redio pekee walikuwa wa aina ya wapiga kura ambao wangempenda Nixon kwa vyovyote. Kijana anayeweza kukihoji kisa ambacho mwalimu wake anakipenda ameanza kuelewa.

Kwa sisi watu wa Tanga kuna habari moja inayotufaa kuliko nyingine zote, nayo ni bomba la mafuta. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, mafuta yakipashwa moto njia nzima ili yasigande. Jiwe la msingi liliwekwa hapa kwetu Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu haki za watu na mazingira yanavyotendewa katika mradi huo. TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa asilimia 62, mashirika ya mafuta ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8. Kwa hiyo kila anayezungumzia bomba ana jambo lake, na vijana wetu wanaweza kupanda bodaboda wakafika mahali lilipoishia. Ni miji michache duniani yenye bahati ya kuwa na habari ya kimataifa karibu hivyo.

Tulichagua taarifa mbili, moja ya kituo cha hapa nchini na nyingine ya kituo cha nje tuliyoipata YouTube. Kila kijana akawa na karatasi ya kuandika nani kasema, kasema kwa muda gani, na wakati anasema tulikuwa tunaona picha gani. Ile ya nyumbani ilijaa viongozi waliovaa helmeti, mabomba yaliyopangwa, picha za droni, na muziki wa ushindi. Ya nje ilijaa wanaharakati, mikoko, mawimbi ya jioni na kinanda cha huzuni. Vijana walikuwa tayari kuamua ipi ni ya kweli, mpaka binti mmoja akauliza, "Shangazi, mbona mvuvi anaonekana kwa nyuma tu kote kuwili, na hakuna aliyemwuliza kitu?" Mjomba wake ni mvuvi Chongoleani. Akaenda kumwuliza mwenyewe. Mjomba alimwambia anataka vijana wake wapate kazi kwenye mradi, na anaogopa kupoteza sehemu anakotega. Yote mawili, kwa pumzi moja. Taarifa ya kwanza ingeweza kuitumia nusu ya kwanza ya maneno yake, na ya pili ingeitumia nusu iliyobaki. Kwa hiyo taarifa yoyote ya siasa ikianza, wafundishe kuuliza nani kapewa kipaza sauti na nani kawekwa nyuma kama mapambo. Kwangu hilo lina uzito kuliko kujua kama kituo ni cha Serikali au cha tajiri, ingawa nalo walijue.

Kura za maoni, yaani uchunguzi wa kupima wananchi wangemchagua nani, ni mtihani mwingine. Septemba 2015 shirika la utafiti la Twaweza lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa simu kuhusu urais: asilimia 65 wangemchagua Magufuli na 25 Lowassa. Oktoba matokeo rasmi yakawa 58.46 na 39.97. Mpangilio wa washindi ulikuwa ule ule, pengo halikuwa lile. Wakazanie vijana waulize walihojiwa watu gani, kwa njia ipi, lini, na kabla ya swali lile waliulizwa nini. Wasiseme "kura ya maoni ni uongo", wala wasiichukue kama matokeo.

Na hapa nina hofu kubwa ambayo nataka wazazi waisikie. Ukimfundisha mtoto vibaya, utamtoa kwenye kuamini kila kitu ukampeleka kwenye kutoamini chochote. Nimewaona vijana wanaotamka "wote waongo tu" na kujiona wameerevuka. Hao ndio wepesi kuliko wote kunaswa, kwa kuwa aliyekata tamaa na kila mwandishi hubaki na sauti ya kwenye kundi la WhatsApp, au na chawa wa mwanasiasa mwenye simu nzuri na bando la kutosha. Ndiyo maana kila tukipata kosa la mwandishi, natafuta pia mahali ambapo mwandishi amefanya kazi nzuri: aliyekwenda kijijini, aliyewauliza pande zote, aliyerekebisha alichokosea. Wanahitaji kujua kazi nzuri inafananaje.

Wazee nao wana sehemu yao. Wamekulia wakati kuna redio moja ya taifa. Huku Bara vituo binafsi vilianza baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, na ITV ikaanza kurusha matangazo 1994. Babu akisema "imetangazwa", kwake mjadala umekwisha. Usimruhusu mtoto amkatize kwa dharau. Mfundishe aulize kwa adabu, "Samahani babu, huyo aliyehojiwa ni nani?" Baba yangu mzazi alianza kwa kukasirika. Sasa yeye ndiye anayeuliza kabla ya wajukuu.

Kuhusu WhatsApp nitasema machache. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshasambazwa mara nyingi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo huwezi kuutuma zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Bango lenye nembo ya gazeti si la gazeti mpaka ulikute kwenye ukurasa wa gazeti lenyewe. JamiiCheck na Nukta Fakti huhakiki habari kwa Kiswahili, wazoeze kuingia huko. Na wajue kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kuchapisha habari za uongo ni kosa, hivyo kusema "nimetumiwa tu" si kinga ya kutegemea.

Ukipata nafasi, omba kuwapeleka kwenye kituo cha redio hapa mjini. Sisi tulikubaliwa. Vijana waliona mhariri akiwa na habari nyingi mezani na dakika chache hewani, wakaona barua za mialiko ya semina na uzinduzi, wakaelezwa bila kufichwa kwamba wapo wanaotoa bahasha za fedha na wapo waandishi wanaozikataa. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza ni habari gani wameiacha leo. Mhariri alizitaja. Moja ilikuwa ya matundu ya vyoo katika shule ya msingi ambayo wawili kati ya vijana wale walisoma, na Jumatatu yake walikwenda wenyewe na daftari kumwona mwalimu mkuu.