Ukishukia Valletta, usikimbie

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, meli yetu itafika Malta saa mbili asubuhi na kung'oa nanga saa kumi na moja jioni. Tunataka ule mji wa kale wa Mdina, Blue Lagoon na lile kanisa lenye picha iliyochorwa na Caravaggio. Tutawahi?” Ujumbe huo umeniuma, maana orodha hiyo niliwahi kuibeba mimi mwenyewe.

Hamtawahi.

Mwaka 2019 nilimchukua Mama kutoka Mombasa, tukapanda meli ya kitalii Barcelona. Habari za viza naziruka. Hakikisheni tu ni ya Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja ikiwa meli itapitia Tunisia au Uturuki. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne, na kila bandari nilitaka nione inarudisha pesa yangu.

Meli ilipoingia Grand Harbour, bandari ya Valletta, mji mkuu wa Malta, Mama alikuwa keshasimama sitahani. Alizitazama zile kuta za mawe ya manjano, akasema, “Hizi ni Ngomeni kumi zimeunganishwa.” Hakukosea sana. Valletta ilianza kujengwa mwaka 1566, baada ya Waturuki kukizingira kisiwa cha Malta na kushindwa. Ngomeni yetu ya Mombasa, Fort Jesus, ni ya 1593.

Karibu na gati kuna lifti ya mita 58 inayokupandisha hadi bustani ya Upper Barrakka. Magoti ya Mama yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilimkalisha kwenye benchi, nikampa chupa ya maji na biskuti, nikamwambia nakwenda Mdina mara moja. “Nenda, mwanangu.”

Nilirudi baada ya saa tano.

Basi lilikwama kwenye foleni. Mdina nilipita mbio, simu mkononi, nikipiga picha za milango. Kurudi, basi la kwanza lilijaa likatupita kituoni, la pili vilevile, nikachukua teksi kwa pesa ya chakula cha siku mbili. Kanisani nilikuta foleni imezunguka kona, nikageuka. Mama nilimkuta palepale, mkoba mapajani. Hakunilaumu. Alisema tu, “Umechoka, mwanangu,” na neno hilo mpaka leo halijanitoka.

Usiku ule mezani alinisimulia siku yake, nami nilikuwa nachagua picha za kutuma, sikumsikiliza vizuri. Hadithi yenyewe ni hii. Chini ya bustani hiyo kuna mizinga, na adhuhuri hupigwa mmoja. Ulipolia, Mama akajisemea, “Saa sita.” Mzee wa Kimalta aliyeketi kando yake akageuka akitikisa kichwa: sitta? Kwao sitta ni sita pia, na saa yake ilionyesha kumi na mbili. Mama akamwonyesha vidole. Wakaanza kuhesabu pamoja: sitta, sebgħa, tmienja, disgħa. Kwenye nane wakaachana, kwenye tisa wakakutana tena. Wakaenda hadi baħar na bahari, dinja na dunia, ktieb na kitabu. Kimalta ni ndugu wa Kiarabu kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, na Mama yangu aligundua hilo peke yake, kwenye benchi, mimi nikiwa kituo cha basi.

Ndugu zangu, tunajinyima miaka, halafu tukifika tunakwenda kuukimbia mji tuliouota. Tunakimbia kwa ajili ya nani? Wa kuziona picha zetu. Na wale tuliokuja nao tunawaacha na maji na biskuti. Acheni. Usikimbie. Chagua mahali pamoja, ukae.

Mwezi uliopita tumerudi, Mama na mimi, safari hii na mkongojo. Kanisa la Mtakatifu Yohana tuliingia mapema (Jumapili halifunguliwi kwa watalii, angalieni siku). Picha ile ya 1608 inaonyesha Yohana Mbatizaji akichinjwa, na Caravaggio ameandika jina lake ndani ya damu inayomwagika chini. Mimi nilikuwa natafuta jina. Mama alimtazama bibi kizee aliyejishika kichwa kwa mikono miwili. “Huyu ndiye peke yake anayeona uchungu,” alisema. Tulikaa pale nusu saa nzima, na ninajivunia nusu saa hiyo kuliko picha zote za 2019.

Adhuhuri tulikuwa bustanini. Mzinga ulipolia nilisema mimi, “Saa sita,” na Mama akacheka hadi akafuta machozi. Mchana tulivuka kwa feri kwenda Birgu, safari fupi, Mama akiilinganisha na ile ya Likoni, Mombasa. Melini tulirudi saa nzima kabla ya muda.

Kwa hiyo dada, Blue Lagoon iacheni, iko kisiwa kingine, Comino. Kati ya Mdina na kanisa chagueni kimoja. Saa yenu iwe ya meli, maana huweza kutofautiana na ya kisiwani, na meli haimngoji aliyezunguka peke yake. Usikimbie, nasema tena. Na kama mnaye mzee, benchi letu liko upande wa matao, unapotazama chini kwenye mizinga. Kaeni naye hapo kabla ya saa sita.