Amiloidi kwenye uboho: mliokuja juzi maabara, someni hii kwanza

Wadogo zangu karibuni. Hamtamaliza wiki hapa kabla hamjaletewa slaidi ya uboho ya mgonjwa wa mayeloma, saratani ya seli za plazima (zile zinazotengeneza kingamwili), na najua mtakachofanya maana ndicho nilichokuwa nafanya mimi, unahesabu seli za plazima, unacheki CD138 (alama inayozitambulisha seli hizo), unaandika asilimia, slaidi inarudi kwenye trei, imeisha hiyo. Mimi nilishairudisha moja hivyohivyo, seli zilikuwa zimejaa hadi nikafurahi jibu limepatikana mapema, kumbe pembeni kabisa kulikuwa na kamshipa kadogo ka damu ukuta wake umenenepa, umepata rangi ya waridi iliyopauka, laini kama nta, ndani hamna seli hata moja. Ndiyo amiloidi hiyo, protini iliyojikunja vibaya ikajazana kwenye tishu. Bosi wangu ndiye alikaona. Hakunigombeza, alinivutia kiti akasema kaa uangalie tena, na nilikaa dakika kumi nzima nikipita juu yake bila kukaona mpaka akanionyesha.

Kwa hiyo la kwanza, ukishamaliza seli usiondoke. Rudi kwenye kuta za mishipa, halafu ile tishu laini iliyoshikana na mfupa kwa nje ambayo wengi tunaiona kama uchafu uliokuja na sindano, halafu katikati ya mafuta. Amiloidi inapenda kujificha humo kuliko pale seli zilipobanana.

Na siyo kitu cha pembeni. Kati ya wagonjwa 100 wa mayeloma, kama 10 hadi 15 wana amiloidosisi ya AL pia, yaani minyororo myepesi ya kingamwili imejikunja vibaya ikawa nyuzi zinazojazana kwenye moyo, figo, neva, ulimi. Mtu anavimba miguu, mkojo una protini nyingi, anachoka, na kila mtu anasema ni mayeloma tu. Wakati mwingine fomu iliyokuja na sampuli imeshakuambia, imeandikwa ulimi mkubwa au michubuko kuzunguka macho, ila nani anasoma fomu jamani. Someni.

Sasa Kongo redi, rangi ya kuonyesha amiloidi. Hapa ndipo watu wengi wanafeli na kosa siyo la jicho, ni la kisu. Vipande vyetu vya kila siku tunakata mikroni 3 au 4, ukivipaka Kongo redi vikiwa vyembamba hivyo amiloidi kidogo inakupita kabisa, unatakiwa mikroni 8 hadi 10. Mwambie mapema anayekaa kwenye mikrotomu (mashine ya kukata vipande), usimwambie ameshamaliza kukata. Kila raundi weka na kontroli chanya (kipande kinachojulikana kuwa na amiloidi), na isiwe slaidi iliyokatwa zamani ikakaa kwenye droo, maana zikikaa sana zinapoteza uwezo wa kushika rangi, utaanza kuilaumu rangi bure. (Hii rangi ilitengenezwa miaka ya 1880 kwa ajili ya vitambaa vya pamba, na neno amiloidi lenyewe Virchow alilitumia 1854 akidhani ni wanga. Ni protini. Jina limebaki hivyohivyo.)

Kwenye polaraiza (filta za maikroskopu za kuchuja mwanga) zima taa za chumba, siyo kupunguza, zima. Mwanga wa maikroskopu weka wa juu kabisa, zungusha filta mpaka nyuma pawe peusi, halafu tulia dakika kadhaa macho yazoee giza. Unachotafuta ni kijani cha tufaha, na ukizungusha filta kidogo kinageuka njano au chungwa. Tatizo la uboho ni kwamba mfupa nao unawaka, mweupe mkali wa mistarimistari, unakutia kiwi hadi kamshipa kako ka kijani hukaoni, kwa hiyo usogeze mfupa nje ya uwanja wako. Kolajeni nayo inang'aa, ila weupe wa fedha. Nyeupe siyo kijani, na ukijikuta unabishana na nafsi yako kama ni kijani, muite mwenzako aangalie bila kumwambia unachodhani.

Ikitoka hasi, chunga kalamu. Hata kwa mwenye AL ya uhakika uboho unaionyesha amiloidi kwa zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa tu, ukiongeza sampuli ya mafuta ya tumbo ndiyo mnafika kama asilimia 85. Kwa hiyo andika haikuonekana kwenye sampuli hii, usiandike mgonjwa hana.

Ikitoka chanya nayo usikimbilie kuandika AL eti kwa sababu ana mayeloma. Kongo redi haijui aina. Mzee anaweza kuwa na mayeloma yake na amiloidi ya transthairetini (protini nyingine ya damu) yake, mambo mawili tofauti, na matibabu hayafanani hata kidogo. Kuipaka kappa na lambda (rangi za aina mbili za minyororo myepesi) kunadanganya mara nyingi kwa sababu kingamwili za damu zinaloweka tishu nzima, kinachoaminika ni masi spektrometri, kipimo kinachotambua protini yenyewe, na hiyo inahitaji tishu. Sasa we ushakata bloku (tishu iliyogandishwa kwenye nta) yote kwa ajili ya kurudia slaidi zako, watapima nini? Bakisheni.