Tumbo langu na kitunguu: vile ninaishi na IBS, ugonjwa wa utumbo unaosumbuka bila kidonda, hapa Kisumu

Miaka 3 nilitibiwa taifodi na sikua na taifodi. Tumbo likianza kunguruma na kujaa gesi naenda kliniki ya mtaani, natolewa damu, naambiwa ni taifodi na amiba kidogo, napewa antibayotiki, nikimaliza niko sawa kama wiki moja hivi alafu tunarudi palepale. Baadaye ndio nilielezwa kwamba kile kipimo cha Widal kinaweza kusoma positivu hata kama taifodi uliugua kitambo ikaisha, na hizo dawa zenyewe zinaweza kuvuruga utumbo zaidi.

Siku iliyonifanya niseme imetosha nilikua kwa matatu naenda nyumbani Vihiga. Tukapita Kiboswa tumbo likanishika vibaya, jasho baridi, nikamwambia konda anishukishe hapohapo. Nikabisha boma nisiyoijua, nyanya mmoja akaniangalia tu usoni akanionyesha choo, na nilipotoka nikampata amesimama na jagi ya maji ya kunawa. Nilikaa kwa nyasi zake nikalia.

Daktari wa matumbo niliyemwona baada ya hapo aliniuliza maswali karibu nusu saa kabla hata hajaandika kipimo. Unaumwa angalau siku moja kwa wiki, miezi 3 sasa? Maumivu yanabadilika ukienda choo? Choo chenyewe kimebadilika, mara unaharisha mara unafunga? Ndio, ndio, ndio. Vipimo vikatoka safi, akaniambia ni IBS, yaani utumbo hauna kidonda lakini neva zake zinasikia kila kitu kupita kiasi. Na tafadhali, kabla ujiambie una IBS, ukiona damu kwa choo, unakonda bila sababu, una homa, umepungukiwa damu ama tumbo linakuamsha usiku, au kwenu kuna mtu aliugua saratani ya utumbo, usibadilishe chakula kwanza, enda upimwe.

Akanipa kazi moja: nunua daftari. Kila nikila naandika nimekula nini, saa ngapi, na tumbo limesema nini. Wiki ya tatu nikaona kitu sikutarajia. Mi nilikua nalaumu pilipili na mafuta, kumbe siku zote mbaya zilikua na kitunguu, nyoyo (mahindi na maharagwe), ama chai ya maziwa vikombe viwili.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndio walitengeneza mpango wa kula unaoitwa low FODMAP, yaani kupunguza FODMAP kwa chakula. FODMAP ni sukari fulani kwa vyakula ambazo utumbo mwembamba haufyonzi vizuri, zinavuta maji, zikifika chini bakteria wanazichachusha zinakua gesi. Mtu mwingine hata hasikii, sisi tunaumia. Kitunguu, kitunguu saumu, maharagwe, ngano, maziwa, tikiti na maembe ziko kwa hiyo orodha. Ugali, mchele, viazi, mayai, samaki, karoti na sukuma haziko, kwa hivyo mtu wa Kisumu hawezi kufa njaa.

Shida ni kitunguu, juu hapa kwetu hakuna mboga wala mchuzi unaanza bila hicho. Nilijaribu kukitoa kwa sahani, haikusaidia, na sababu ni kwamba ile sukari yake inayeyuka kwa maji, ikishaingia kwa mchuzi imeingia. Lakini kwa mafuta haiyeyuki. Kwa hivyo sasa nakata kitunguu vipande vikubwa, nakaanga kwa mafuta peke yake mpaka harufu itoke, natoa vyote na kijiko, ndio naweka nyanya na samaki wangu wa ngege. Ladha inabaki, tumbo linanyamaza. Na yale majani ya kijani ya kitunguu cha majani nakatia juu, hayo hayana shida.

Maziwa nilihamia chai ya rangi, na hii ilileta maneno nyumbani. Mama alisema, "Mwanangu, chai yangu imekuwa sumu?" Ilibidi nikae naye jikoni nimweleze polepole, nimwonyeshe daftari. Kama una mama ama mama mkwe, mweleze mapema kabla ya sherehe, usingoje mpaka sahani iko mbele yako watu wanaangalia.

Chakula peke yake hakikutosha. Mwisho wa mwezi nikiwa na mawazo ya rent tumbo linaumwa hata nikila ugali na sukuma tupu, kwa sababu utumbo na ubongo vinaongea kila wakati. Natembea jioni kutoka kazini badala ya boda, nalala mapema, na siruki kiamsha kinywa alafu nile mlima wa chakula saa tisa.

Kitu nakuomba usikosee ni kuacha hivi vyakula milele. Kukata kabisa ni kati ya wiki 2 na 6, ukiweza uwe na mtaalamu wa lishe, alafu unarudisha kimoja kimoja, siku 3, kiasi kidogo ukiongeza, unaandika. Mi nimepata kwamba maziwa lala kikombe kimoja nakunywa bila shida, maharagwe nikiloweka usiku nikamwaga maji naweza kula vijiko vitatu, chapo moja sawa, mbili hapana. Kitunguu saumu bado kimekataa. Sasa niko kwa maembe, robo ilipita vizuri, Jumamosi najaribu nusu.