Dashibodi inasoma -40 wakati nje kuna joto

Ndugu, umeuliza kwa nini dashibodi ya gari lako inaonyesha joto la nje ni nyuzi -40 wakati kuna joto. Hiyo -40 isiyobadilika mchana wala usiku mara nyingi ni waya uliokatika au plagi iliyochomoka, si kompyuta ya gari. Sensa ya joto la nje ni kidude kidogo, kwenye magari mengi hukaa nyuma ya bampa ya mbele, mbele ya rejeta. Ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, hupanda kadiri baridi inavyozidi, kwa hiyo saketi ikikatika gari hudhani kuna baridi ya kutisha.

Umesema bampa ilifunguliwa juzi, basi anzia hapo hapo. Ichomoe plagi ya sensa, tazama kama pini zina kutu ya kijani, zisafishe, kisha irudishe mpaka uisikie ikibana. Ikibaki vilevile, ipime sensa yenyewe kwa mita ya umeme, upande wa ukinzani: ikiwa nzima, ukiifumbata kiganjani namba za ukinzani zitashuka taratibu. Isiposoma chochote, imekufa, weka nyingine.

Ukishatengeneza, usishtuke ikisoma juu kidogo ukiwa kwenye foleni. Hilo ni joto la injini, na magari mengi hubadilisha namba polepole mpaka uanze kutembea. Tafadhali, usikubali kubadilishiwa dashibodi kabla sensa haijapimwa.