Tapeti haisetiwi kwa sikio

Maswali ya safari hii yametoka pande zote za njia ya Zambia, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma, na karibu yote yanahusu valvu na tapeti za malori, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma. Nimechukua yale yatakayowafaa wengi.

Swali: Fundi, naomba vipimo vya tapeti vya Howo. (Dereva, Mbalizi)

Jibu: Howo ni gari, si injini. Nimeshaliandika hili hapa na bado swali linarudi vilevile. Nenda kwenye bamba la injini, soma kilichoandikwa, ndipo uulize. Howo nyingi za zamani zina WD615, ambayo ikiwa baridi huchukua milimita 0.30 kwenye valvu ya hewa na 0.40 kwenye valvu ya moshi. Nyingine zina MC11 au MC13 zenye teknolojia ya MAN, na hizo zina kitabu chake. Fundi anayekutajia namba kabla hajauliza ni injini gani, usimwachie ufunguo.

Swali: Shikamoo fundi. Fundi wetu hapa Uyole anaseti tapeti injini ikiunguruma, anasikiliza huku anakaza mpaka kelele iishe. Anasema sikio lake halijawahi kumdanganya. Yuko sahihi? (Mmiliki wa malori mawili)

Jibu: Marahaba. Hayuko sahihi, na malori yako yako hatarini.

Tapeti iliyolegea hupiga kelele, kwa hiyo inakupa taarifa. Iliyobana iko kimya, na hiyo ndiyo inayoua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini kinachobeba valvu. Valvu ya moshi hurefuka inapopata moto, ndiyo maana nafasi yake kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya valvu ya hewa. Kwenye Cummins 6CT, kwa mfano, hewa ni 0.30 na moshi ni 0.61. Ukiziba nafasi hiyo ili kelele iishe, valvu ikishapata moto haikai tena sawasawa kwenye siti yake, pale inapofungia. Na kwenye siti ndiko inakomwaga joto lake jingi. Moto unapenya pembeni, ukingo unaungua, kompresheni inapotea. Mwenye gari anaambiwa kwamba mafuta ya siku hizi ni mabaya.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa imelala na kupoa, kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia nafasi. Zungusha injini kwa mkono, si kwa stata. Kwenye injini nyingi za silinda sita zilizo kwenye mstari mmoja, mpangilio wa kuchoma ni 1-5-3-6-2-4. Valvu za silinda ya sita zinapopokezana, moja ikifunga na nyingine ikianza kufunguka, silinda ya kwanza iko topu, yaani pistoni yake iko juu kabisa na valvu zake zimefungwa, na tapeti zake zinasetiwa. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, maana skrubu huzunguka nayo kidogo. Tazama pia uso wa roka. Ukishachimbika, fila geji inapita juu ya shimo, unasoma 0.40 wakati nafasi halisi ni kubwa zaidi. Roka hiyo inabadilishwa. Na kama kila silinda ina valvu nne na daraja la roka, kile kipande kinachosukuma valvu mbili kwa pamoja, lina skrubu yake, daraja husetiwa kwanza. Ukiliruka, valvu moja inabeba kazi ya mbili.

Mwenye gari, nunua fila geji yako mwenyewe na usimame hapo kazi ikifanyika. Bei yake hailingani hata kidogo na gharama ya hedi.

Swali: Lori linatoa moshi mweusi likipanda Kitonga. Ni valvu? (Utingo, Iringa)

Jibu: Anza na chujio la hewa na mabomba ya turbo. Hedi haifunguliwi kwa sababu ya moshi mweusi peke yake.

Swali: Nilikuwa nashuka Kitonga na mzigo wa shaba. Gari likanizidi, nikashusha gia katikati ya mlima, injini ikalia sana. Kufika chini kelele, na pushirodi mbili zimepinda. Fundi anasema zilikuwa feki, nibadilishe hizo mbili tu. Mafuta sikukanyaga kabisa. (Dereva, Ilula)

Jibu: Hukukanyaga mafuta, lakini magurudumu ndiyo yaliyokuwa yanaizungusha injini. Gavana, kidhibiti cha mizunguko ya injini, hukata mafuta tu, haiwezi kuzuia tani zinazosukuma kutoka nyuma. Mizunguko ikipita kiasi, springi haiwahi kuirudisha valvu, pistoni inaikuta bado iko wazi na kuigonga. Pushirodi, ile fimbo inayosukuma roka, inapinda kwa sababu hiyo, iwe feki au halisi.

Usikubali kubadilishiwa mbili tu. Hedi ishuke, valvu zikaguliwe kama zimepinda, springi zipimwe, vichwa vya pistoni vitazamwe alama. Valvu iliyopinda kidogo inaweza kukatika kichwa ukiwa njiani, na hapo utanunua injini nzima.

Gia huchaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Mshale wa mizunguko ukikaribia nyekundu, punguza kwa breki ya miguu na uache breki ya injini iendelee na kazi. Breki ya injini inayofungua valvu za moshi ina nafasi yake ya kuseti, nayo husahauliwa sana. Na ninyi mnaoshuka Kitonga, Mlima Nyoka au Iwambi na gia huru ili kuokoa dizeli, mnaua watu. Acheni.

Swali: Foleni ya Tunduma nalala na injini inawaka kwa sababu ya baridi. Kuna madhara?

Jibu: Yapo. Injini isiyo na kazi hupoa, dizeli haiungui yote, masizi yanaganda kwenye shina la valvu mpaka inakwama, na oili inachanganyika na dizeli. Zima, tafuta blanketi.

Swali: Nimeshusha hedi, pushirodi na tapeti zimechanganyika kwenye ndoo. Nirudishe tu? (Fundi kijana, Mafinga)

Jibu: Hapana, kijana wangu. Tapeti hapa ni kile kipande kinachokaa kati ya pushirodi na kemu, nundu inayozunguka na kukisukuma. Kila tapeti imelika pamoja na kemu yake. Safisha zote, tazama nyuso zake. Yenye vishimo itupwe, na kemu zote zikaguliwe kabla ya chochote kurudi. Kama kemu ni nzima lakini huwezi kujua ipi ilikaa wapi, weka tapeti mpya zote. Viringisha pushirodi juu ya kioo uone kama zimenyooka, na kama zina tundu la oili, lipulize. Safari nyingine chukua ubao, hapo Mafinga haukosekani, toboa matundu 12 na uyape namba. Kaza hedi kwa spana ya kupimia nguvu kwa hatua za kitabu, ndipo useti tapeti. Kabla ya kuwasha, zungusha kwa stata mafuta yakiwa yamekatwa mpaka geji ya oili ipande.