Fahari ya maji ya moto mjini Tanga

Mhariri, juma hili mmetuuliza: "Ni kifaa gani cha nyumbani kilichokugharimu sana na hadi leo unakionea fahari?" Swali zuri. Ila chini yake mkaongeza kwamba wapo wanaonunua vitu kwa maonyesho tu, na mfano mliotoa ni wa mtu wa pwani anayefunga hita ya maji ya moto. Hapo mmenigusa. Mimi ni mtu wa pwani, nakaa Chumbageni, na juu ya bati langu ipo hita ya sola ya lita 200. Naionea fahari na sifichi.

Mgeni akiingia kwangu ataona makochi na mapazia. Hita hataiona mpaka atoke uani na kuinua uso. Nilimfungia mama yangu, ambaye baridi yabisi imemkalia magotini na vidoleni kwa miaka mingi. Asiyeishi Tanga hudhani huku ni joto tu Januari hadi Desemba, lakini sisi tunaijua kusi ya Juni na Julai, na tunayajua maji ya simtanki yaliyolala nje usiku kucha. Kijana hujimwagia makopo mawili akatoka mbio. Mzee hawezi kukimbia. Nimekuwa muuguzi hadi kustaafu, nami nimeona mara nyingi viungo vilivyokaza asubuhi vikilegea kwa maji ya moto tu. Watu wanaokwenda kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto za Galanos kule Amboni hawaendi kwa maonyesho.

Lakini nikijiuliza kwa dhati ninajivunia nini, jibu si kile kifaa. Hita kama yangu zimo madukani, mwenye fedha anabeba. Ninachojivunia ni namna ilivyofungwa, na hapo lazima niwasimulie siku yenyewe.

Ilikuwa Julai, na mdogo wangu wa kiume alikuwa amekuja likizo kutoka Leeds, Uingereza. Huko nyumba zinapashwa joto kwa boila ya gesi inayosukuma maji ya moto kwenye rejeta za ukutani, na yeye alikuwa amefunga mpya muda si mrefu. Alikuja na picha zake kwenye simu. Tulionyeshwa boila kabla ya kuonyeshwa watoto. Alitueleza, na alieleza vizuri, kwamba boila za zamani zilitupa robo ya joto au zaidi kupitia bomba la moshi. Hizi mpya huupitisha moshi penye maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta, mvuke uliomo ugeuke maji, na joto lake lirudi kazini badala ya kutoka nje. Ndiyo maana zinatumia asilimia 90 na ushei ya joto la gesi, na ndiyo maana tangu 2005 sheria ya Uingereza imezitaka karibu kila boila ya gesi inapobadilishwa. Yale maji ya mvuke yana asidi kidogo, kwa hiyo hutolewa kwa kibomba cha plastiki.

Basi fundi wetu, kijana wa Ngamiani asiye na maneno mengi, alipopanda juu na paneli inayopasha maji kwa jua, mdogo wangu akasimama chini ya ngazi kama msimamizi.

"Fundi, igeuze iangalie kusini. Kule kwetu sola zote zinaangalia kusini."

Fundi hakubishana. Alishuka, akaokota kijiti, akakichomeka mchangani. Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Kivuli kikaangukia upande wa kusini, wazi kabisa.

"Kaka, jua liko nyuma ya kijiti. Mwezi huu liko kaskazini. Na mwezi huu ndio bi mkubwa anataka maji ya moto."

Niliguswa sana. Tanga iko nyuzi tano hivi kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hutupitia kaskazini. Kila mtoto wa shule amefundishwa jiografia hiyo. Fundi aliitumia juu ya bati, kwa ajili ya magoti ya mama yangu. Tena hakuilaza paneli ifuate mteremko wa bati. Aliiundia fremu iinuke zaidi, kwa sababu hita ya aina hii haina pampu: maji yakipata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenda tangini, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Paneli ikilala sana, mwendo huo unazorota.

Mchana wote ukaenda hivyo. Baada ya alasiri bomba la kwenda tangini likawa limeshafungwa, na mimi nilikuwa nimeanza kuwaandalia chai. Fundi akachukua pimamaji, akaipitisha juu ya bomba lote, akasimama. Palikuwa na mahali bomba limepanda, likashuka kidogo, kisha likapanda tena. Kwa macho yangu lilikuwa limenyooka. Akasema hewa itajikusanya pale kwenye nundu, na ikijikusanya maji hayatazunguka, na sisi tutasema hita ni mbovu. Akafungua viungo, akaanza upya. Malipo tulikuwa tumeshapatana kwa kazi nzima, kwa hiyo kila dakika aliyoongeza ilikuwa ya bure. Mdogo wangu akapanda kumshikia bomba. Kuanzia hapo hakutoa tena amri. Alikuwa anauliza.

Naye alikuwa na lake la kufaa. Aliuliza mabomba ya moto yatavikwa nini, maana boila yake isingekuwa na maana kama joto lingepotelea njiani. Fundi akakubali, na kesho yake akaja na sponji nyeusi za kuyafunika. Kisha mdogo wangu akataka kile kifaa cha umeme cha akiba, kinachopasha maji ya tangi jua likikosekana, kiwekwe joto la chini, kwa kuwa boila yake hufanya kazi vizuri zaidi maji yanaporudi chini ya nyuzi 55. Hapo nikaingilia mimi. Maji yanayozunguka kwenye rejeta hayaogwi na mtu. Maji yanayokaa tangini na kutoka kwenye bomba la mvua, yakiwa vuguvugu siku nyingi, huzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, na wazee ndio wanaoumia zaidi. Tangi lifike 60. Na kwa kuwa 60 inaunguza ngozi ya mzee kwa sekunde chache, pawekwe vali ya kuyachanganya na ya baridi kabla maji hayajafika bafuni. Ikawekwa.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, hata yangu asilimia 90 ni za kwenye karatasi. Fundi akiiacha inachemsha maji kupita kiasi, ule mvuke haugeuki maji, na mimi nalipia sifa." Neno hilo limenikaa. Kifaa kizuri kikifungwa ovyo kinabaki na jina tu, Leeds na Tanga sawasawa.

Sasa, nilipoanza kuandika nilitaka kusema kila nyumba ya pwani iwe na hita. Nimefika hapa siwezi kusema hivyo. Kuzipasha lita 200 kutoka nyuzi 26 hadi 60 kunataka karibu uniti 8 za umeme, na jua ndilo linalonilipia. Kwetu sisi wenye mzee na wajukuu wanaooga kwa zamu, hesabu inaingia. Kwa vijana wawili wa Makorora wenye afya, sufuria ya maji jikoni inatosha, na fedha hizo bora zikarekebishe nyaya za umeme au bati. Kwa hiyo mfano wenu, mhariri, kwa nyumba nyingi za mjini kwetu una haki, ingawa neno "maonyesho" sikubaliani nalo hata kidogo.

Anayeazimia kufunga, atafute fundi kwanza, kifaa baadaye, na kama yuko karibu na bahari akatae boliti za chuma cha kawaida, maana chumvi itazila. Walio Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hao wanahitaji maji ya moto kweli kweli. Ila ukungu wa Usambara huweza kulifunika jua siku nzima, kwa hiyo wasikubali kuuziwa hita isiyo na kile kifaa cha umeme cha akiba.

Msomaji wenu, Chumbageni, Tanga